Maji Maangavu na Ahadi ya Ukuaji: Namna ya Kusoma Makisio ya Ufugaji wa Chaza na Samaki Kabla ya Kulipa



Mtu wa Masama hahitaji kufundishwa uzuri wa maji maangavu. Mfongo unaopita kando ya kihamba chake humwonyesha kila kokoto iliyolala chini. Kule Rundugai, chemchemi za Chemka humwonyesha mgeni mizizi ya miti ndani ya maji, kama mtu anayetazama kupitia kioo. Ndiyo maana anapokuja mtu mwenye karatasi mkononi na kusema kwamba maji haya, kwa uangavu wake, yatakuza samaki upesi kuliko mahali pengine, wasikilizaji wengi hukubali bila kuuliza.

Karatasi hiyo huwa na safu za namba. Mwezi wa kwanza, gramu kadhaa. Mwezi wa tatu, gramu zaidi. Mwezi wa sita, samaki wa nusu kilo. Chini kabisa kuna jumla ya mauzo. Mlaji hulinganisha jumla hiyo na bei ya vifaranga, gharama ya kuchimba bwawa na ada ya mafunzo, kisha huchukua mkopo wa kikundi au hutoa akiba iliyokusudiwa kwa ada ya mtoto. Mkopo una tarehe ya marejesho. Samaki hawaijui tarehe hiyo.

Hatusemi kwamba ufugaji wa samaki au wa chaza ni biashara mbaya. Wako watu wanaoendesha maisha yao kwa kazi hiyo. Tunalosema ni kwamba karatasi ile ni makisio, na makisio yana masharti yake. Lengo la somo hili ni kumwezesha mlaji kuyajua masharti hayo na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutoa fedha.

1. Kielelezo cha ukuaji ni nini

Wataalamu wa viumbe wa majini hutumia hesabu inayoitwa kielelezo cha ukuaji. Hesabu hiyo hujibu swali moja: kiumbe huyu, akiwekwa mahali hapa, atakuwa na ukubwa gani baada ya muda fulani?

Njia nyepesi ya kukielewa ni kukifananisha na bajeti ya nyumba. Chakula anachokula kiumbe ni mapato. Nguvu anazotumia kupumua, kutembea, kujikinga na maradhi na kuzaa ni matumizi. Kinachobaki ni akiba, na akiba hiyo ndiyo nyama mpya, au gamba jipya kwa upande wa chaza. Mapato yakipungua, ukuaji hupungua. Matumizi yakizidi, ukuaji husimama, na kiumbe anaweza hata kukonda. Katika nchi ya Uholanzi, mwanasayansi Bas Kooijman alianza mwaka 1979 kujenga nadharia kamili juu ya msingi huu wa mapato na matumizi ya nguvu za mwili, na leo nadharia hiyo hutumika kwa chaza, kwa samaki na kwa viumbe wengine wengi.

Jambo la kushika ni hili: kielelezo hakikisii ukuaji wa kiumbe peke yake. Hukisia ukuaji wa kiumbe mahali fulani, penye joto fulani na chakula fulani. Namba zilizopimwa katika bwawa la nchi ya joto hazihami zenyewe kupanda mlimani.

2. Chaza hutufundisha nini

Maji ya mifongo ya Masama hayaishii Masama. Yanayosalia baada ya migomba na mahindi huteremkia mito inayoungana na Kikuletwa, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huufuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Tuyafuate maji hayo kwa muda mfupi, kwa sababu baharini kuna kiumbe anayelieleza somo letu vizuri kuliko samaki. Kiumbe huyo ni chaza.

Samaki wa bwawani hutupiwa chakula na mwenyewe. Chaza hatupiwi chochote. Hukaa mahali pamoja, huvuta maji ndani ya gamba lake, huyachuja, na kula vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho pamoja na chembechembe nyingine zinazoelea. Hivyo mapato yake yote yamo katika maji yanayompitia. Maji yakiwa na vijimea vingi huonekana ya kijani au yenye ukungu. Yakiwa maangavu kabisa, maana yake mara nyingi ni kwamba vijimea ni vichache. Uangavu unaomfurahisha mtalii unaweza kuwa dalili ya njaa kwa chaza.

Karibu na midomo ya mito mikubwa bahari huwa na tope na rutuba. Mbali na mito, penye matumbawe, maji huwa maangavu na chakula chake ni haba. Kusini mwa Unguja, katika vijiji kama Fumba na Bweleo kwenye Ghuba ya Menai, wanawake wamekuwa wakifuga chaza kwa ajili ya lulu nusu, zile zinazoota juu ya upande wa ndani wa gamba na kutumika katika vidani na hereni. Mfugaji wa huko hawezi kutegemea hesabu iliyofanywa mahali penye rutuba. Lazima apime chaza wake mwenyewe, katika maji yake mwenyewe, katika kaskazi na katika kusi, kwa kuwa joto la bahari yetu hupanda hadi karibu nyuzi joto 30 mwezi Machi na kushuka hadi karibu nyuzi joto 25 mwezi Agosti.

Je, basi, chaza hawezi kukua katika maji maangavu? Anaweza, ila kwa masharti. Katika kisiwa cha matumbawe cha Takapoto, Polinesia ya Ufaransa, maji ni maangavu mno, na hata hivyo chaza wa lulu nyeusi hustawi. Mwaka 2000 watafiti wa Kifaransa walichapisha kielelezo cha ukuaji wa chaza huyo. Utafiti uliofanyika huko ulionyesha kwamba uwezo wake wa kuchuja maji ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika jamii yote ya chaza na kombe. Chakula ni haba katika kila lita, lakini yeye huchuja lita nyingi. Jamii hiyohiyo ya chaza hupatikana pia katika bahari yetu ya Afrika Mashariki.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza, maji maangavu hayamaanishi ukuaji wa haraka. La pili, hayamaanishi pia kwamba ukuaji hauwezekani. Yanamaanisha kwamba lazima tujue kiumbe gani, anakula nini, na kwa joto gani. Mtu anayesema tu kwamba maji ni safi hajajibu hata swali moja kati ya hayo.

3. Mstari ulionyooka hudanganya

Sasa turudi kwenye karatasi ya muuzaji. Kosa la kwanza linalopatikana katika makisio mengi ni kudhani kwamba kiumbe hukua kwa kiasi kilekile kila mwezi, kama maji yanayojaza ndoo.

Mwaka 1938 mwanabiolojia Ludwig von Bertalanffy, mzaliwa wa Austria, alichapisha kanuni ya ukuaji ambayo bado inatumika duniani kote. Kwa maneno ya kawaida, kanuni hiyo husema kwamba kila kiumbe ana ukubwa wake wa mwisho, na kadiri anavyoukaribia, ndivyo urefu wake unavyoongezeka polepole zaidi.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Chukulia chaza ambaye ukubwa wake wa mwisho ni milimita 120, na ambaye kila mwaka hukua nusu ya kile kilichobaki kufikia ukubwa huo.

Mwaka wa kwanza atafika milimita 60.
Mwaka wa pili ataongeza 30, afike 90.
Mwaka wa tatu ataongeza 15, afike 105.
Mwaka wa nne ataongeza 7 na nusu, afike 112 na nusu.

Muuzaji aliyepima mwaka wa kwanza pekee, kisha akachora mstari ulionyooka, ataahidi milimita 240 katika mwaka wa nne. Chaza wa ukubwa huo hayupo katika mfano wetu wala hatakuwapo. Muuzaji huenda hakukusudia kudanganya. Alizidisha tu pale ambapo hakupaswa kuzidisha. Lakini hasara ni ya aliyelipa.

Kwa hiyo ukiona karatasi ambayo kila mwezi unaongeza kiasi kilekile bila kubadilika, jua kwamba hakuna kiumbe aliyepimwa. Kalamu peke yake ndiyo iliyofanya kazi.

4. Urefu si uzito

Kosa la pili ni kuchanganya urefu na uzito. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, hupanuka pia na kunenepa, hivyo uzito wake huongezeka takriban mara nane. Perege mwenye urefu wa sentimita 10 ana gramu 20 hivi. Akifika sentimita 20, huwa na gramu 160 hivi.

Mlaji anaweza kuumizwa hapa kwa njia mbili. Akiambiwa kwamba samaki wamekwisha kufika nusu ya ukubwa wa sokoni, aulize ni nusu ya urefu au nusu ya uzito. Nusu ya urefu ni sehemu moja tu ya nane ya uzito, na sokoni Moshi samaki wa kilo huuzwa kwa mizani. Pia anaponunua vifaranga, aulize uzito wao na umri wao kwa pamoja. Kifaranga mdogo mwenye umri mkubwa ni samaki aliyedumaa, na bei yake haipaswi kulingana na ya kifaranga mchanga wa ukubwa huohuo.

5. Hesabu ya joto kwa mtu wa Masama

Perege ni samaki wa maji ya joto. Hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Maji yakishuka kuelekea nyuzi joto 16, huacha kula na ukuaji wake karibu husimama. Yakishuka zaidi ya hapo kwa muda mrefu, hufa.

Masama si mahali pa joto moja. Mtu akipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi. Bwawa la Rundugai na bwawa lililo juu karibu na msitu ni mabwawa mawili tofauti, hata kama yamechimbwa na fundi mmoja na kuwekewa vifaranga vya siku moja. Kisha kuna miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo mawingu hukaa mlimani na jua halionekani kwa siku nyingi. Maji ya mfongo yanayoingia bwawani mchana na usiku, pamoja na uangavu wake, huleta baridi ya mlima.

Ipo hesabu nyepesi ambayo mlaji anaweza kuifanya mwenyewe. Ni makadirio ya awali tu, wala haichukui nafasi ya ushauri wa mtaalamu, lakini inatosha kuonyesha kama ahadi imepita kiasi. Toa 16 katika joto la maji. Namba inayobaki ni joto la ukuaji kwa siku moja. Zidisha kwa idadi ya siku.

Tuseme karatasi inaahidi mavuno kwa siku 180, na vipimo vyake vilichukuliwa kwenye bwawa la nyuzi joto 28. Joto la ukuaji ni 28 kutoa 16, yaani 12. Mara siku 180, jumla ni 2,160.

Sasa pima bwawa lako. Tuseme wastani wake ni nyuzi joto 22. Joto la ukuaji ni 6. Gawanya 2,160 kwa 6, utapata siku 360.

Samaki walewale na chakula kilekile, lakini miezi 6 imekuwa miezi 12. Mkopo wa miezi 6 umefika mwisho huku samaki wakiwa bado katikati ya safari. Kwa miezi 6 ya ziada, mlinzi atadai ujira na samaki watadai chakula. Tofauti ya nyuzi joto 6, ambayo mtu huipuuza anapoosha mikono, ndiyo faida yote au hasara yote.

Kipimajoto cha kawaida kinatosha. Pima asubuhi na alasiri, kwa kina cha mkono, kwa wiki kadhaa. Ukiweza, pima katika msimu wa joto na wa baridi. Gharama ya kipimajoto ni ndogo kuliko ya gunia moja la chakula cha samaki.

6. Kipimo cha kiwiko

Baada ya joto, chakula. Katika bwawa lisilotegemea chakula cha dukani peke yake, perege hula pia vijimea vya majini, kama chaza alavyo baharini. Kwa sababu hiyo wafugaji huweka samadi kwa kiasi ili maji yawe ya kijani.

Mwaka 1865 padre na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alitumia sahani nyeupe kupima uangavu wa bahari: sahani huteremshwa kwa kamba mpaka isionekane. Katika bwawa la nyumbani mkono wako unatosha. Zamisha mkono polepole, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, ukitazama kiganja chako.

Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha asili ni cha kutosha.

Kiganja kikionekana bado wakati maji yamepita kiwiko, maji ni maangavu mno. Samaki watategemea chakula cha kununua karibu chote, na gharama hiyo lazima ionekane katika karatasi.

Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, vijimea vimezidi au kuna tope. Vijimea vikizidi humaliza oksijeni usiku, na samaki huonekana alfajiri wakitweta juu ya maji. Acha kuweka samadi na uombe ushauri mapema.

Hapa ndipo ahadi tuliyoanza nayo inapojibiwa. Maji maangavu ya mfongo ni mazuri kwa kuwa huleta oksijeni. Lakini yakipita bwawani bila kukoma, huondoa vijimea na huondoa joto. Anayekusifia maji yako kwa uangavu wake anasifu jambo ambalo, kwa perege, lina kasoro mbili.

7. Waliokufa hawaandikwi

Karatasi nyingi huhesabu vifaranga waliowekwa na kuwafanya kuwa samaki wanaovunwa. Ukinunua vifaranga 1,000 na kila mmoja afike gramu 500, utavuna kilo 500. Hesabu hiyo haina kosa, ila haina pia kulasitara, wala ndege mvua samaki, wala usiku wa baridi, wala mwizi.

Tuseme, kwa mfano, wamebaki 700, na kwa sababu ya baridi wana wastani wa gramu 250. Mavuno ni kilo 175. Hiyo ni karibu theluthi moja ya ahadi. Hakuna aliyeiba kilo 325 hizo. Zilikuwa juu ya karatasi, na zilibaki juu ya karatasi.

Angalia pia chakula. Ili kupata kilo moja ya perege kwa chakula cha kununua, kwa kawaida huhitajika kilo 1.5 hadi 2 za chakula hicho. Kwa ahadi ya kilo 500, uliza chakula cha kilo 750 hadi 1,000 kiko wapi katika safu ya gharama. Kama hakipo, faida iliyoandikwa chini si faida.

8. Kwa anayenunua ili ale

Wapo wasomaji wetu ambao hawatafuga chochote, ila watanunua samaki sokoni au watakula chaza wakiwa pwani. Nao wana sehemu katika somo hili.

Maji maangavu si lazima yawe maji salama. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, na maji yanayong'aa yanaweza kuvibeba. Chaza, kwa kuwa huchuja maji mengi, hukusanya mwilini mwake vijidudu vilivyomo katika maji hayo. Kwa hiyo uliza chaza wametoka wapi, usinunue waliofunguka magamba na wasioyafunga wanapoguswa, na uwapike hadi waive vizuri. Vivyo hivyo samaki mkubwa si lazima awe bora. Angalia jicho lililo wazi, mashavu mekundu na nyama inayorudi inapobonyezwa.

9. Maswali saba kabla ya kulipa

Nenda na karatasi hii kwa muuzaji. Mtu mwaminifu atafurahi kuulizwa.

1. Vipimo hivi vilichukuliwa wapi, na katika miezi gani?
2. Maji ya huko yalikuwa na joto gani, na ya kwangu yana joto gani?
3. Ni samaki au chaza wangapi waliopimwa? Je, ni wastani wa wote, au ni wale wakubwa waliochaguliwa?
4. Namba hizi ni za urefu au za uzito?
5. Wangapi walikufa kabla ya mavuno?
6. Chakula chote kimehesabiwa, pamoja na cha miezi ya ziada endapo ukuaji utachelewa?
7. Ikiwa ahadi haitatimia, mkataba unasema nini?

Jibu la swali la saba liwe kwa maandishi. Dai risiti ya kila malipo, na uitunze pamoja na karatasi yenyewe ya makisio. Karatasi hiyo ni ushahidi.

10. Mahali pa kupata msaada

Kabla ya kuchimba, mwone afisa uvuvi wa halmashauri ya wilaya yako. Kwa mtu wa Masama, hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Hai, yenye makao yake Bomang'ombe. Mwombe aione sehemu unayokusudia na apime maji pamoja nawe. Kwa matumizi ya maji ya mto au mfongo, uliza kuhusu kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko Moshi. Usisahau wazee wa mfongo, kwa kuwa bwawa lisilokauka kwako linaweza kuwa shamba lililokauka kwa jirani yako.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Mlaji anayeamini kwamba amepotoshwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Aende na mkataba, risiti na karatasi ya makisio. Kama ana vipimo vyake vya kila mwezi, aende navyo pia.

Vipimo hivyo si vigumu kuvipata. Mara moja kwa mwezi vua samaki 30 kwa nyavu bila kuchagua, wapime wote pamoja katika ndoo yenye maji baada ya kuutoa uzito wa ndoo na maji, kisha gawanya kwa 30. Wakiwa na kilo 2.4, kila mmoja ana wastani wa gramu 80. Andika tarehe, wastani na joto la maji katika daftari, kisha warudishe. Baada ya miezi 6 utakuwa na kielelezo cha ukuaji cha bwawa lako mwenyewe. Hakuna muuzaji anayeweza kukuletea kilicho bora kuliko hicho, na majirani zako watakuja kukiomba kabla ya kuchimba mabwawa yao.

Zoezi

Muuzaji anaahidi perege wa gramu 300 kwa siku 150, kwa vipimo vya bwawa la nyuzi joto 28. Bwawa lako lina wastani wa nyuzi joto 20. Marejesho ya mkopo wa kikundi yanakamilika baada ya miezi 8. Je, ukope?

Jibu: 28 kutoa 16 ni 12. Mara siku 150, ni 1,800. Bwawa lako lina joto la ukuaji la 4 kwa siku. 1,800 ukigawanya kwa 4 unapata siku 450, yaani miezi 15. Kwa mkopo huu na samaki huyu, usikope. Rudi kwa afisa uvuvi umuulize kuhusu bwawa linalopokea jua zaidi, maji yanayoingia kwa kipimo badala ya kupita usiku na mchana, au samaki anayeipenda baridi. Mfongo wako utaendelea kuwa na maji mwakani, na akiba yako pia itakuwapo.